Mchungaji Edward Neill: Jina Lililoandikwa na Jina Lililoondolewa



Kama mlivyosikia katika matangazo, kamati ya jengo imeomba mapendekezo ya majina ya vyumba viwili: ukumbi wa chini tunakokula pamoja baada ya ibada, na chumba cha watoto wa shule ya Jumapili. Wazee wengi wamependekeza majina ya wamisionari walioleta Injili katika wilaya tulikotoka. Vijana wetu, hasa wanaosoma vyuo vya Minneapolis na Saint Paul, wameuliza swali moja lililowaudhi baadhi yetu: je, tunajua watu hao waliishije na majirani zao? Jumapili iliyopita swali hilo lilitoka nasi hadi kwenye maegesho ya magari, na watu wakaachana bila kuelewana vizuri.

Sisi tunaoandaa jarida hili hatutaki kuamua kwa niaba ya kanisa. Tumeona tu ni vyema kuwasimulia maisha ya mchungaji mmoja aliyefanya kazi kando ya mto huuhuu wa Mississippi unaopita hapa Fridley. Alihubiri, alijenga, alifundisha, akafa akiheshimiwa. Miaka mingi baadaye jina lake liliandikwa kwenye jengo la chuo, na baada ya miaka michache likaondolewa. Mtu huyo ni Edward Duffield Neill. Ukitoka hapa kwa gari, kwa kama nusu saa unafika mahali pa habari hii.

Neill alizaliwa tarehe 9 Agosti 1823 huko Philadelphia. Baba yake alikuwa daktari. Kijana Edward alianza masomo katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, akahamia Chuo cha Amherst huko Massachusetts, akamaliza mwaka 1842, kisha akasomea uchungaji. Mwaka 1847 alikwenda Galena, mji wa machimbo ya risasi huko Illinois, kuhubiri kati ya wachimbaji na wafanyabiashara. Angeweza kutafuta kanisa lenye viti vizuri katika miji ya mashariki. Badala yake alielekea magharibi, kule ambako watu wengi wa elimu yake hawakupenda kwenda.

Mwaka 1849 Bunge la Marekani liliunda himaya ya Minnesota. Mwaka huohuo Neill alipanda mto akafika Saint Paul, akiwa na umri wa miaka 25. Wakati huo Saint Paul ulikuwa mji mdogo wa vibanda, maduka na vilabu vya pombe juu ya genge la mto. Kabla mwaka haujaisha alikuwa ameanzisha kanisa la kwanza la Presbiteri mjini. Mwaka 1855 alianzisha kanisa la pili, House of Hope, ambalo lipo hata leo. Kwa wale wetu tunaokumbuka tulivyoanza ibada sebuleni mwa mtu, watoto wamelala juu ya makoti, kazi hiyo tunaielewa. Kuanzisha kanisa mahali ambapo hakuna hata kiti kunahitaji moyo.

Neill hakuishia madhabahuni. Aliamini kwamba mahali penye kanisa pawe na shule. Kuanzia mwaka 1851 hadi 1853 alikuwa msimamizi wa kwanza wa elimu ya umma wa himaya ya Minnesota. Mwaka 1853 alifungua shule iliyoitwa Baldwin, jina la tajiri wa Philadelphia aliyetengeneza injini za treni na kutoa fedha. Mwaka 1858, Minnesota ilipokubaliwa kuwa jimbo, aliteuliwa kuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Minnesota, ambacho wakati huo kilikuwa na madeni mengi kuliko wanafunzi. Alikuwa pia katibu wa chama cha historia cha Minnesota kuanzia mwaka 1851 hadi 1863. Kwa ufupi, mtu akichukua kanisa, shule, chuo na historia ya jimbo hili, katika mizizi ya vyote vinne anakutana na Neill.

Hayo yote ni kweli, na tunamshukuru Mungu kwa ajili yake. Sasa tuseme na upande wa pili.

Nchi aliyofikia Neill haikuwa tupu. Ilikuwa nchi ya Wadakota, na upande wa kaskazini Waojibwe. Jina lenyewe la Minnesota ni la Kidakota. Ardhi yetu hapa Fridley, upande wa mashariki wa mto, ilitoka mikononi mwa wenyeji kwa mikataba ya mwaka 1837. Upande wa magharibi ulifuata mwaka 1851, Neill akiwa tayari mchungaji Saint Paul. Kwa mikataba miwili ya mwaka huo, mmoja wa Traverse des Sioux mwezi Julai na mwingine wa Mendota mwezi Agosti, Wadakota waliachia zaidi ya ekari milioni 20. Waliahidiwa fedha na chakula. Fedha nyingi ziliishia kwa wafanyabiashara waliodai kwamba wanawadai, na sehemu nyingine ilicheleweshwa mwaka baada ya mwaka.

Palikuwa na watumishi wa Mungu wengine waliofika kabla yake. Ndugu wawili, Samuel na Gideon Pond, walifika mwaka 1834 wakakaa kando ya ziwa Bde Maka Ska, lililo leo ndani ya jiji la Minneapolis. Walijenga kibanda karibu na kijiji cha kiongozi wa Kidakota aliyeitwa Cloud Man, wakalima pamoja na watu wake, wakajifunza lugha yao neno kwa neno na kutengeneza namna ya kuiandika. Nao walikuwa na mapungufu yao. Walitaka Wadakota waache mambo mengi ya kwao ambayo hayakuwa dhambi. Lakini walikaa nao, wakawajua kwa majina, wakawasikia wakicheka na kulia katika lugha yao wenyewe.

Kazi ya uchungaji ya Neill ilikuwa hasa kwa walowezi waliokuja kuchukua nchi. Kisha akawa mwandishi wa historia. Mwaka 1858 alitoa kitabu kikubwa cha historia ya Minnesota, na kwa miaka mingi watu waliotaka kuijua Minnesota walikisoma hicho. Ndani yake alikusanya mengi ya maana kuhusu wasafiri wa Kifaransa, ngome, mikataba na miji. Lakini alipofika kwa wenyeji, kalamu yake ilibadilika. Aliwaeleza kama washenzi na wavivu, watu ambao desturi zao hazikustahili kubaki, ambao kazi yao katika historia ilikuwa kupisha wengine. Hakuandika hivyo kwa hasira ya siku moja. Aliandika kwa utulivu wa msomi, akiwa na cheo cha mchungaji na cha mkuu wa chuo. Ndiyo maana maneno yake yalibeba uzito.

Hapa tusimame kidogo. Kitabu hakikumpiga mtu risasi. Lakini miaka minne baada ya kitabu hicho, mwaka 1862, njaa na ahadi zilizovunjwa zilizaa vita kati ya Wadakota na Marekani. Mamia ya walowezi waliuawa, wengi wao wanawake na watoto, na idadi ya Wadakota waliokufa katika vita na baada yake haikuhesabiwa kwa uangalifu kama huo. Tarehe 26 Desemba 1862, siku moja baada ya Krismasi, wanaume 38 wa Kidakota walinyongwa kwa pamoja mjini Mankato. Wadakota wapatao 1,600, wengi wao akina mama, wazee na watoto, walifungiwa kambini chini ya ngome ya Fort Snelling majira yote ya baridi, na wengi walifia humo. Mwaka 1863 Wadakota walifukuzwa Minnesota kwa sheria. Ni vigumu watu kukubali mambo kama hayo kama hawajafundishwa kwanza kwamba wanaotendewa si watu kamili. Mafundisho hayo yana walimu wake.

Tuwe waangalifu: Neill hakuwa Mankato. Wakati huo alikuwa ameondoka Minnesota. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza mwaka 1861, alijiunga na kikosi cha kwanza cha Minnesota kama mchungaji wa jeshi, akawa pamoja na askari katika mapigano ya Bull Run mwezi Julai mwaka huo. Baadaye alihudumu katika hospitali ya majeruhi huko Philadelphia. Mwaka 1864 alipewa kazi katika ofisi ya Rais Abraham Lincoln, akiwa katibu wa kutia sahihi hati za ardhi kwa niaba ya rais. Alikuwa bado katika kazi hiyo Lincoln alipouawa mwezi Aprili 1865, akaendelea chini ya rais aliyefuata.

Kwa hiyo mchungaji wetu huyu alitumika upande wa jeshi lililokomesha utumwa. Na mkono wake huohuo ukatia sahihi hati zilizowapa watu wengine ardhi iliyokuwa ya wenyeji. Hatusemi alijiona mdhalimu alipotia sahihi. Huenda alijiona katibu mwenye kazi nyingi mezani. Hilo ndilo linalotutisha.

Kuna nyumba moja katika habari hii ambayo tungependa mwikumbuke. Karibu na maporomoko ya St. Anthony, kwenye ukingo wa mashariki wa mto, kusini kidogo tu ya hapa Fridley, ilisimama hoteli kubwa ya mawe iliyoitwa Winslow House. Ilijengwa mwaka 1857. Matajiri wa majimbo ya kusini walikuja kila kiangazi kukimbia joto, na wengine walikuja na watumwa wao, ingawa katiba ya Minnesota ilikataza utumwa. Wenye hoteli na maduka walinyamaza, kwa sababu wageni hao walileta fedha.

Mwaka 1860 alifika hotelini hapo mtu wa Mississippi aliyeitwa Richard Christmas, pamoja na familia yake na mtumwa wao, Eliza Winston. Eliza alikuwa amewahi kuahidiwa uhuru, na hakuupata. Alimweleza siri yake Emily Grey, mama Mweusi huru aliyekuwa mkazi wa St. Anthony. Mama Grey na rafiki zake waliopinga utumwa walipeleka habari mahakamani. Tarehe 21 Agosti 1860 Jaji Charles Vandenburgh alisikiliza shauri na kutamka kwamba Eliza yuko huru. Usiku ule watu wenye hasira walizivamia nyumba za waliomsaidia. Kilichowauma wengi wao ni biashara: waliogopa wageni wa kusini wasirudi tena. Eliza ilimbidi aondoke mjini kwa usalama wake.

Vita vilikuja, hoteli ikafungwa. Mwaka 1869 Rais Grant alimtuma Neill kuwa balozi mdogo huko Dublin. Alipokwisha kurudi Minnesota, alianza tena kutafuta njia ya kufufua ndoto yake ya chuo cha Kikristo. Alimwandikia mfanyabiashara wa Philadelphia aliyeitwa Charles Macalester, ambaye ndiye aliyekuwa mwenye hoteli ile iliyofungwa. Mwaka 1873 Macalester akaitoa. Ni mwaka uleule ambao huko kwetu Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa la Zanzibar. Mwaka 1874 chuo kilipata kibali cha serikali na kuitwa kwa jina la mfadhili. Hivyo vyumba ambamo Eliza Winston alitumikishwa vikawa darasa, na mkuu wa kwanza wa chuo hicho akawa Edward Neill.

Jengo la hoteli liliuzwa baadaye, na chuo kikahamia Saint Paul mahali kilipo leo, kikaanza masomo hapo mwaka 1885. Mwaka mmoja kabla, Neill aliacha ukuu wa chuo, lakini alibaki akifundisha historia na fasihi. Katika miaka hiyo palitokea hoja ya kuwapokea wasichana. Neill alipinga. Alitaka chuo cha wanaume, kama alivyosoma yeye. Mwaka 1893 chuo kiliamua kuwapokea wanawake. Tarehe 26 Septemba mwaka huohuo Neill alifariki Saint Paul, akiwa na miaka 70.

Mtu angefikiri habari yake iliishia hapo. Lakini mwaka 2013 Chuo cha Macalester kiliamua kumheshimu mwanzilishi wake kwa kuliita jengo moja la masomo Neill Hall. Wanafunzi waliingia na kutoka, wengi bila kujua Neill ni nani. Kisha wanafunzi wachache wa gazeti la chuo wakafanya jambo ambalo wanafunzi hufundishwa kulifanya: walikwenda maktaba wakasoma vitabu vya mtu ambaye jina lake lilikuwa mlangoni. Mwanzoni mwa Novemba 2019 walichapisha toleo maalumu kuhusu chuo chao na ardhi ya wenyeji, na ndani yake wakaonyesha Neill aliandika nini. Wanafunzi wa asili ya wenyeji walikuwa wamekuwa wakiomba kusikilizwa. Katika mwezi huohuo bodi ya chuo, kwa ushauri wa mkuu wa chuo, iliamua kuliondoa jina. Jengo likarudi kwenye jina lake la zamani, linalotaja tu masomo yanayofundishwa ndani.

Si kila chuo kimefanya hivyo. Mwaka huohuo wa 2019, mwezi Aprili, bodi ya Chuo Kikuu cha Minnesota ilipiga kura kuhusu majengo manne yenye majina ya viongozi wa zamani. Mmoja wao ni Lotus Coffman, aliyekuwa mkuu wa chuo wakati wanafunzi Weusi wakizuiwa kukaa katika mabweni pamoja na Wazungu. Kura 10 dhidi ya 1 zilikataa kubadilisha majina. Vijana wetu wanaosoma pale hunywa kahawa katika jengo la Coffman kila juma.

Kwingineko habari hizi zinaligusa kanisa moja kwa moja. Mwaka 1838 mapadre wa Shirika la Yesu huko Maryland waliuza watu 272, wazee kwa watoto, wapelekwe Louisiana, na sehemu ya fedha hizo iliokoa Chuo Kikuu cha Georgetown kisifilisike. Padre aliyesimamia mauzo aliitwa Thomas Mulledy, na jina lake likawekwa kwenye jengo. Mwaka 2017 jengo hilo lilipewa jina la Isaac Hawkins, mtu wa kwanza katika orodha ya waliouzwa. Naye George Whitefield, mhubiri wa uamsho ambaye nyimbo na mahubiri mengi ya Kiprotestanti yana deni kwake, alipigania utumwa uruhusiwe Georgia, akawa na watumwa kwenye makao ya yatima aliyoyaanzisha kwa upendo. Mwaka 2020 Chuo Kikuu cha Pennsylvania, kilekile alikoanzia Neill, kiliamua kuiondoa sanamu yake.

Sasa turudi kwenye maegesho yetu ya magari. Wazee wetu walisema mambo mawili yenye uzito, nasi hatutayadharau.

La kwanza: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Marehemu hawezi kujitetea, na si adabu kumsema. Ni kweli. Lakini Wadakota si marehemu. Zipo jumuiya nne za Kidakota hapa Minnesota leo, na watoto wao wanasoma katika vyuo hivi. Mtoto akipita kila siku chini ya jina la mtu aliyeandika kwamba bibi yake alikuwa mshenzi, kwake jambo hilo halijapita. Sisi tunaijua hali hiyo. Waliotoka Kongo kati yetu wana wazazi waliozaliwa Léopoldville, Stanleyville na Elisabethville, wakazeekea Kinshasa, Kisangani na Lubumbashi bila kuhama. Hatukusikia mzee yeyote akilia kwamba historia imefutwa jina la Leopold lilipoondoka. Kila mtu bado anakumbuka Leopold ni nani. Tulikataa tu kuitwa kwa jina lake.

Hata mji wetu huu ulibadilishwa jina. Kabla ya kuitwa Fridley, mahali hapa paliitwa Manomin, kutoka neno la Kiojibwe la mpunga wa porini unaoota kwenye maziwa. Mwaka 1879 pakapewa jina la Abram Fridley, aliyekuja Minnesota mwaka 1851 kuwa wakala wa serikali kwa Waho-Chunk. Hakuna aliyesema wakati ule kwamba kubadilisha jina ni kufuta historia.

La pili walilosema wazee ni hili: wote tumefanya dhambi, na kama tunatafuta asiye na doa, hatutaita chumba chochote kwa jina la mtu yeyote. Nalo ni kweli. Lakini tazameni Maandiko yanavyomtendea Daudi. Hayafichi habari ya Uria wala ya Bathsheba. Zaburi zake tunaziimba hadi leo. Na bado, alipotaka kujenga hekalu, alizuiwa kwa sababu mikono yake ilikuwa imemwaga damu nyingi, na kazi ikapewa mwanawe. Daudi alibaki katika Kitabu, na nyumba ile hakuijenga yeye. Kukumbukwa ni jambo moja, na kuheshimiwa juu ya mlango ni jambo jingine. Neill yumo katika vitabu vya historia, tena kwa ukamilifu zaidi leo kuliko wakati jina lake lilipokuwa ukutani na hakuna aliyemsoma.

Tukiri na letu. Tulipokuwa tukiandika habari hii, mmoja wetu aliandika Wahindi Wekundu bila kufikiri, kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa shuleni. Wao si Wahindi, na si wekundu. Ni Wadakota, Waojibwe, Waho-Chunk. Tulifuta, tukaandika upya. Kisha tukakumbuka jambo zito zaidi. Wengi wetu tumetoka katika nchi walimo Batwa. Tuliwaitaje? Ni wangapi kati yetu tulikula nao sahani moja? Katika makanisa yetu kule nyumbani walikaa kiti gani? Tukifunguliwa leo vitabu vya mahubiri yetu, au tukirekodiwa tunavyowazungumza kwenye harusi zetu, wajukuu wetu watasoma nini? Neill hakuwa mtu wa ajabu. Alikuwa mchungaji mwenye bidii ambaye hakumtazama jirani yake kama mtu, na hakuna mwenzake aliyemwambia. Jambo hilo linaweza kutokea Saint Paul, na linaweza kutokea Fridley.

Kwa hiyo tunaleta ombi dogo kwa kamati na kwa washirika wote. Kila atakayependekeza jina la mtu aandike pia ukurasa mmoja: mtu huyo alifanya nini, alimfanyia nani, na majirani wasio wa kanisa lake walimwonaje. Kama bado wapo watu wa wilaya ile wanaokumbuka, wapigiwe simu, hasa wale ambao hawakuwa na cheo. Vijana wasaidie kutafuta, na wazee wasaidie kukumbuka, kwa maana hakuna kundi moja linaloweza peke yake. Tukikuta mtu anayestahili, tumweke mlangoni kwa furaha. Tukimkuta wa namna ya Neill, tumsimulie kwa watoto, mema yake na mabaya yake, bila kumpa mlango. Na tukikosa kabisa, wala tusifadhaike. Miaka hii yote tumekula pamoja katika Ukumbi wa Chini, na jina hilo halijamkosea mtu.

Kurasa hizo zipokelewe na katibu wa kanisa hadi Jumapili ya mwisho ya mwezi. Baada ya ibada siku hiyo tutakaa pamoja, wazee na vijana meza moja, tuzisome kwa sauti. Akina mama wa zamu wamesema chai itakuwepo.

Neema ya Bwana wetu na iwe nanyi nyote.